JIWE SI BREKI

Mtu akifika Kasulu au Kibondo siku ya soko, akasimama kando ya barabara kwa muda wa saa moja tu, ataona desturi ambayo wenyeji hawaishangai tena. Gari linasimama mlimani, na kabla dereva hajazima mashine, utingo amekwisha ruka chini na jiwe au gogo, analisukuma nyuma ya gurudumu. Ndipo abiria wanateremka. Breki ya mkono ya gari hilo imekufa, na kila aliyemo anajua.

Lau jambo hili lingekuwa la magari ya watu binafsi peke yao, tungewaachia askari wa usalama barabarani. Walakini magari ya umma nayo yamo. Mwandishi wa safu hii alishuhudia hapo Kasulu gari la ofisi moja likiteleza hatua kumi na tano baada ya jiwe kuzama matopeni, likatua juu ya magunia mawili ya maharage. Mwenye maharage alikuwa ametoka punde kwenda kutafuta chenji. Daftari la gari lilipofunguliwa, dereva alikuwa ameandika kasoro hiyo mara mbili, na mara zote mbili hapakuwa na saini ya mkubwa wake. Maharage yalilipwa na dereva, kutoka mfukoni mwake.

Nyanda za Buha ziko juu zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Kwa miaka mingi njia ya Kasulu na Kibondo hadi Nyakanazi ilikuwa ya udongo mwekundu, vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika. Vumbi na matope hayo huingia ndani ya ngoma ya breki, yakala viatu vyake, na kutu ikaukamata waya unaovivuta. Gari huendelea kwenda kama kawaida, na hapo ndipo ulipo udanganyifu wake. Mashine ikifa safari inakatika, na mkubwa anasikia siku hiyo hiyo. Viatu vya breki ya mkono vikiisha, anayesikia ni utingo.

Dawa yake si ghali. Viatu vilivyochakaa hubadilishwa vyote kwa pamoja, gurudumu la kulia na la kushoto, kisha waya hukazwa. Land Rover za zamani zina tabia ya peke yake: breki ya mkono ni ngoma moja nyuma ya gia boksi, nayo hushika shafti. Sili ikivuja, oili hulowanisha viatu, na kuweka vipya bila kubadili sili ni kutupa fedha. Tena ngoma hiyo haitoshi gari likipigwa jeki, kwa sababu gurudumu lililoinuliwa laweza kuzunguka na gari likaondoka. Hapo jiwe lina kazi yake halali. Fundi naye asipulize vumbi la viatu vya zamani kwa mdomo. Vingi vilitengenezwa kwa asbesto, ambayo huharibu mapafu. Apanguse kwa kitambaa kibichi.

Ndugu zetu wa visiwani, ambako barabara nyingi ni tambarare, wasidhani kwamba haya ni ya watu wa milimani. Gari lililoegeshwa ndani ya meli liko juu ya sakafu inayoinuka na kuinama, na mbele yake na nyuma yake kuna magari mengine na watu. Maji yakipwa, daraja la kupandia kivuko huwa mlima kama wa Kibondo. Huko baharini nani atakayekimbilia jiwe?

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari liwe zima, wala haikusema gari la serikali limesamehewa. Tunapendekeza jambo jepesi. Kabla ya safari, gari la umma lisimamishwe mlimani, breki ya mkono ivutwe, mguu uondolewe kwenye pedali. Likiteleza, lisiondoke. Na ofisa atakayesafiri nalo atie saini yake daftarini, kando ya ile ya dereva, ili siku ya kulipa magunia wawe wawili.