Bwawa lisipewe kibali bila ramani ya mafuriko

Usiku wa Mei 9, 2018, Bwawa la Patel huko Solai, kaunti ya Nakuru, lilipasua kingo na maji yakaporomoka hadi kwenye makazi ya watu. Waliokufa hawakupungua 47. Maji yale yangepita wapi, na baada ya dakika ngapi, ni jambo linaloweza kukokotolewa bwawa likiwa bado zima. Serikali zetu zinapaswa kudai hesabu hiyo kwa kila bwawa lililo juu ya makazi.

Msingi wake ni kanuni ya uhifadhi: maji hayazuki wala hayapotei. Kompyuta huligawa bonde katika miraba midogo, kisha hutunza hesabu ya kila mraba kama mwenye duka na daftari lake: yaliyoingia, toa yaliyotoka. Kinachotoka mraba mmoja lazima kionekane kwa jirani. Msukumo wa maji nao hufuatiliwa hivyo hivyo, pamoja na mteremko na msuguano wa ardhi.

Kazi ngumu ni ule ukuta wa maji unaotangulia, ambapo kina hupanda ghafla. Mwaka 1959 mwanahisabati Mrusi Sergei Godunov alichapisha njia aliyoibuni kwa ajili ya gesi, na baadaye ikafaa sana kwa maji. Kwenye kila mpaka wa miraba miwili, chukulia kwamba kuna bwawa dogo limevunjika sasa hivi, upande mmoja kina kikubwa, mwingine kidogo. Kokotoa kinachovuka, kisha rudia. Programu isiyoheshimu uhifadhi huweza kuchora picha ya kupendeza huku ukuta ule ukisafiri kwa kasi isiyo yake, na wanakijiji wakaambiwa wana muda ambao hawana.

Desemba 2, 1959, usiku pia, bwawa la Malpasset kusini mwa Ufaransa lilivunjika. Watu 423 wakafa. Transfoma za umeme zilizimika moja baada ya nyingine maji yalipozifikia, na saa zake zikajulikana: kati ya ya kwanza na ya pili zilipita kama dakika 19. Mpaka leo wanaotunga programu za mafuriko huzipima kwa nyakati hizo.

Mojawapo ya programu hizo, TELEMAC, iliyozaliwa Ufaransa, hupatikana bure. Gharama iko kwenye upimaji wa ardhi, kwa sababu mraba mpana huficha korongo ambalo ndilo njia ya maji. Kwa bonde dogo, kompyuta ya mezani inatosha.

Basi mwenye bwawa, hata la shamba binafsi, asipate kibali wala asikihuishe kabla ya kuwasilisha ramani ya mafuriko inayotokana na hesabu hiyo. Nakala ibandikwe kwa chifu, shuleni na zahanati, ikionyesha kina cha maji kwa kila mtaa, dakika za kufika na njia ya kukimbilia.