Tuwarudishe majirani kwenye kurasa zetu

BARAZA LA KINYALA
Na Asegelile Mwanjabala

Watanzania walioanza kuandika blogu kwa Kiswahili mwaka 2004 na kuendelea walikuwa na desturi moja nzuri ambayo leo imetoweka karibu kabisa. Pembeni mwa ukurasa, mara nyingi mkono wa kulia, waliweka orodha ya blogu za wenzao. Ukibonyeza jina moja unatua kwa mtu mwingine, na huko nako unakuta orodha yake, yenye majina mawili matatu ambayo hujawahi kuyasikia. Ndivyo tulivyojuana. Hakuna aliyetutangazia kuwa fulani anaandika. Tulipelekwa kwake na mtu tuliyekwisha kumwamini.

Ndesanjo Macha alianzisha blogu ya Jikomboe mwaka 2004 akiwa Marekani, akawa anawashawishi wenzake waandike kwa lugha yao bila kumsubiri mhariri. Septemba 2005 mpiga picha Muhidin Issa Michuzi alikuwa Helsinki, Finland, kwenye mkutano wa kimataifa, na Ndesanjo akamwonyesha huko huko namna ya kufungua blogu. Blogu ya Michuzi ikaja kuwa dirisha la Watanzania waliotawanyika duniani kutazama mambo ya nyumbani. Profesa Joseph Mbele, akifundisha chuoni Minnesota, akawa na Hapa Kwetu. Chambi Chachage akawa na Udadisi. Watu hawa walitofautiana kwa umri, kwa msimamo na kwa mahali walipoishi, na bado msomaji mmoja aliweza kuwazungukia wote jioni moja kwa kufuata linki za pembeni tu.

Sisi Wanyakyusa tuna jambo la kulinganisha na hilo. Monica na Godfrey Wilson walipokuja wilayani kwetu Rungwe kufanya utafiti miaka ya 1934 hadi 1938, kilichowashangaza ni vijiji vya rika: vijana wa umri mmoja waliondoka kwa wazazi wao, wakajenga pamoja, wakalima na kula pamoja, na ujirani wao haukutokana na ukoo bali na kuchaguana. Orodha zile za pembeni zilikuwa kijiji cha namna hiyo. Ulimweka mtu kwa sababu unapenda kuongea naye.

Zilisaidia pia kwa sababu ya hali ya wakati ule. Kabla ya mkongo wa baharini wa SEACOM kuanza kazi Julai 2009, nchi yetu ilitegemea zaidi setilaiti, na intaneti ilikuwa ghali na ya kujikongoja. Aliyekwenda intaneti kafe pale Tukuyu alilipia muda, na muda ukiisha anainuka. Hakuwa na nafasi ya kutangatanga. Orodha ya mtu mwenye akili ilimwambia aende wapi na hela yake ndogo.

Zimekwenda wapi? Wengi watajibu kwamba Facebook na WhatsApp zimeziua. Ni kweli, ila kuna sababu nyingine isiyotajwa sana, na kwangu hiyo ndiyo inayouma, kwa kuwa hakuna aliyeiamua. Blogu nyingi za Kitanzania zilikuwa kwenye Blogger, huduma ya Google. Watu walipoanza kusoma kwa simu, Blogger ikaleta mwonekano maalumu wa simu, na mwonekano ule ukaondoa safu ya pembeni ili kioo kidogo kitoshe. Kichwa cha blogu kikabaki, maandishi yakabaki, hata matangazo yakabaki. Orodha ya majirani haikuonekana tena, isipokuwa mwenye blogu aingie mwenyewe ndani ya kiolezo na kurekebisha. Wangapi walijua hilo? Mwenye blogu akiketi kwenye kompyuta yake aliiona orodha ipo palepale, huku msomaji wake wa Kiwira au Mwakaleli, mwenye simu mkononi, hakuiona tena kamwe.

Kisha ikaja 2018. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotolewa Machi mwaka ule zilimtaka mwenye blogu ajisajili kwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA: shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni ya awali na 1,000,000 nyingine za ada ya mwaka. Juni, jukwaa la mijadala la JamiiForums likazima mtandao wake kwa muda. Watu binafsi waliokuwa wakiandika kwa mapenzi tu, bila kuingiza hata senti, wengi walifunga. Baadaye kanuni zilirekebishwa na ada zikapunguzwa, lakini aliyekwisha kuvunja nyumba harudi kwa sababu tu kodi ya kiwanja imeshuka. Nasema wazi kwamba ada zile zilikuwa kosa. Mwalimu wa shule ya msingi anayeandika historia ya kijiji chake si kituo cha televisheni, na hakupaswa kutozwa kana kwamba ni mfanyabiashara.

Hivi sasa linki zetu zinapita WhatsApp. Mtu anatuma andiko zuri kwenye kundi saa mbili asubuhi, na kabla ya saa nne limefunikwa na salamu, picha za harusi na taarifa ya msiba. Ukilitaka mwezi ujao utalitafuta mpaka uchoke. Instagram kwa miaka mingi ilimruhusu mtu kuweka linki moja tu kwenye maelezo yake, hadi 2023 ilipoongeza zikafika tano. Mitandao hii haipendi utoke nje yake, na ukimya wa Kiswahili kwenye mtandao wa wazi unaanzia hapo.

Lipo pia suala la kutafuta. Google ilipoanza mwaka 1998 ilisimama juu ya wazo moja: ukurasa unaoelekezewa linki na wengi, hasa na kurasa zinazoheshimika, upewe uzito. Siku hizi inapima mambo mengi mengine, lakini linki bado zinahesabika. Sasa fikiria waandishi ishirini wa Kiswahili, kila mmoja na ukurasa wake, na hakuna hata mmoja anayemwelekezea mwenzake. Kwa macho ya mashine, hao ni watu ishirini wasiojulikana na yeyote. Mtoto wa Kinyala akiandika neno kipunji kwenye simu anaelekea kupata Kiingereza kitupu, wakati kima mwenyewe mwenye jina hilo anaishi mlimani juu yetu. Watafiti walimwona kwenye Mlima Rungwe mwaka 2003, wakamtangaza 2005, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake peke yake, Rungwecebus, jina la mlima wetu kabisa. Wazee na wawindaji walimfahamu kabla ya hapo. Mtu akiandika leo kwa Kiswahili yale wanayoyajua, na asiwepo wa kumwekea linki, andiko hilo litazama.

Kwa hiyo ninachoomba ni kidogo, tena hakina gharama. Kila mwenye ukurasa wake, awe mwalimu, mkulima, mchungaji au mwanafunzi, aweke orodha ya kurasa za wengine anazozipenda. Na kwa kuwa tunasoma kwa simu, orodha hiyo iwe ya kukunjwa: msomaji aone mstari mmoja wenye mshale mdogo, akiubonyeza ikunjuke, akiubonyeza tena ijifunge.

Zamani hili lilihitaji mtu wa kompyuta na mistari ya JavaScript ambayo ikikosewa herufi ukurasa mzima unaharibika. Sasa HTML yenyewe ina alama mbili za kazi hiyo, details na summary, na simu nyingi tunazotumia zinazielewa. Ya kwanza inazunguka orodha nzima. Ya pili inabeba maneno yatakayoonekana juu orodha ikiwa imefungwa. Ndani unaweka linki zako, basi. Inafanya kazi hata simu ikiwa ya bei rahisi, na haili bando la kusikika kwa sababu ni maandishi matupu.

Nimeshuhudia orodha ya namna hii kwa kijana mmoja hapa katani kwetu Kinyala mwenye ukurasa wa habari za viazi mviringo, parachichi na bei za sokoni. Orodha yake ilikuwa imemwagwa chini ya kila andiko, ndefu, anwani zikiwa zimeandikwa nzima nzima na herufi zake za ajabu, kiasi kwamba mkulima aliyekuja kusoma habari ya mnyauko wa viazi alipangusa kioo mpaka akakata tamaa kabla ya kufika mahali pa kuuliza swali. Tuliketi kwenye benchi nje ya duka la steshenari, mvua ikiwa imekata kidogo, akaanza kupunguza. Ukurasa uliokufa akafuta. Anwani moja ya zamani ilifungua kamari, kwa sababu mwenye jina aliacha kulilipia na mwingine akalinyakua. Hiyo nayo akafuta upesi sana. Zilizobaki akaziandikia maneno yake badala ya anwani. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole: habari za mbegu, anza hapa. Mamlaka ya Hali ya Hewa: soma utabiri wa msimu kabla ya kupanda. Wikipedia ya Kiswahili: makala fupi ya kata yetu, inahitaji watu wa kuiongezea. Kisha blogu za wakulima wenzake, kila moja na sentensi inayosema kwa nini anaisoma. Juu ya yote, kwenye mstari unaoonekana orodha ikiwa imekunjwa, akaandika: Ninaowasoma na ninaowaamini.

Sentensi ile moja kwa kila linki ndiyo ninayoipigania kuliko yote. Orodha ya majina matupu haimsaidii mgeni. Mtu akisema huyu namsoma kwa sababu ameuza parachichi miaka mingi na hafichi hasara zake, hapo umepewa kitu ambacho mashine ya kutafuta haikupi: neno la mtu anayejulikana kijijini, ambaye ukikuta amekudanganya utamfuata barazani kwake umuulize.

Wapo mafundi wanaopinga kukunja. Hoja yao ni kwamba kilichofichwa hakisomwi, na nusu ya wasomaji hawataubonyeza mshale. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mlinganisho wa haki si kati ya orodha iliyokunjwa na orodha iliyo wazi kwenye kioo kipana cha kompyuta. Kwa msomaji wetu chaguo ni orodha iliyokunjwa, au orodha inayomzuia kufika anakokwenda, au kutokuwepo orodha kabisa, kama Blogger ilivyowafanyia wale wa kwanza. Tena kilichomo ndani ya mkunjo bado kimo ndani ya ukurasa, na Google hukisoma pia. Fundi akitaka orodha yake ianze ikiwa wazi kwa wenye kompyuta, hilo linawezekana. Muhimu asiiache.

Kuna tabia moja niikemee mapema, ya niweke nikuweke. Miaka ile ilitokea mtu akakuandikia kwamba amekuweka kwenye orodha yake, hivyo nawe umweke, na mwisho orodha ikajaa watu wasiosomana. Mweke unayemsoma. Asipokuweka, endelea kumsoma. Na ukilipwa ili umweke mtu, andika pale pale kwamba umelipwa.

Orodha inataka pia kupaliliwa. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilipima mwaka 2023 kurasa zilizokuwepo 2013, kikakuta asilimia 38 hazifunguki tena. Kwetu, ambako blogu nyingi zilikuwa za mtu mmoja na zilifungwa na maisha au na ada, sishangai hata kidogo nikikuta hali mbaya zaidi. Ndiyo maana nashauri kwamba ukipata andiko la thamani la Kiswahili, kabla ya kuliweka kwenye orodha nenda Internet Archive, kwenye huduma yao ya Wayback Machine iliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 2001, bandika anwani ya andiko na uombe lihifadhiwe. Ni bure. Siku mwandishi akifariki au jina lake likinyakuliwa na wacheza kamari, unabadilisha linki yako ielekee kwenye nakala. Baadhi ya maandishi ya wanablogu wetu wa kwanza bado yanasomeka huko leo, na orodha zao za pembeni zikiwa pamoja nayo.

Mimi naanza na wilaya yangu. Nataka kukusanya kurasa za watu binafsi wanaoandika kwa Kiswahili kuhusu Rungwe na Busokelo: chai ya Katumba, Ziwa Ngosi, Daraja la Mungu pale Kiwira, mashule ya misheni ya Moravian, Tukuyu Stars waliotwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986, ndizi, mvua, siasa za kata, lolote lile. Sitaki kurasa za makampuni, wao wana fedha za kujitangaza. Mwenye ukurasa, au anayemsoma mwenye ukurasa, atume anwani kwa mhariri wa gazeti hili pamoja na sentensi moja inayosema kwa nini anausoma. Nitazifungua zote mwenyewe kwenye simu, na zitakazofunguka nitazichapa hapa hapa, pamoja na sentensi zenu.