Wiki ya Mwisho wa Mwezi

Mama mmoja wa jumuiya yetu, ambaye miguu yake haimbebi tangu enzi za kambi ya wakimbizi, alikimbizwa hospitalini usiku wa tarehe 27 akiwa hajitambui. Sukari ilikuwa imeshuka. Insulini alijidunga kama alivyoelekezwa. Chakula cha kuifuata ndicho hakikuwapo. Kwenye friji mlikuwa na maji, nusu ya kitunguu, na mfuko wa sombe iliyoganda ambayo hakuwa na mtu wa kumpikia. Sisi majirani tulipata habari asubuhi.

Wengi walisema ni bahati mbaya. Mimi nasema tazameni tarehe. Watafiti waliopekua kumbukumbu za hospitali za California za mwaka 2000 hadi 2008 waliona kwamba watu wa kipato cha chini walilazwa kwa sababu ya kushuka kwa sukari mwilini kwa asilimia 27 zaidi katika wiki ya mwisho ya mwezi kuliko wiki ya kwanza. Kwa wenye kipato kikubwa tofauti hiyo haikuonekana. Hela huja mara moja kwa mwezi, kadi ya chakula nayo hujazwa mara moja, na ikifika tarehe 20 sahani zinaanza kupungua. Dozi ya dawa haipungui.

Ndugu zetu wengi wenye ulemavu wanaishi kwa SSI, posho ya serikali kwa walemavu na wazee wa kipato kidogo. Mwaka huu wa 2026, serikali kuu ya Marekani haimpi mtu mmoja zaidi ya dola 994 kwa mwezi, na kodi ya nyumba mnaijua wenyewe. Kinachobaki ni fudistampu, kama tunavyozidi kuiita ingawa jina lake ni SNAP tangu 2008. Nayo ina mipaka inayomwumiza mlemavu kuliko mtu mwingine. Kuku mbichi hununulika kwa kadi. Kuku aliyekwisha kuiva, anayetoka jikoni dukani akiwa wa moto, kwa kawaida hanunuliki. Asiyeweza kusimama jikoni afanyeje? Majimbo machache, California na Arizona yakiwemo, yanawaruhusu wazee na walemavu kula kwenye baadhi ya mikahawa kwa kadi hiyo. Kwingine hakuna. Ukiagiza chakula kwa intaneti, kadi inalipia chakula lakini gharama ya kukileta mlangoni hailipii. Na kwenye vituo vya kugawa chakula cha bure, foleni haijui mtu wa magongo, na makopo mengi yana chumvi ambayo mwenye presha amekatazwa.

Lakini kuna haki moja iliyoandikwa kwa ajili yao, na karibu hakuna anayeidai miongoni mwetu. Mtu ambaye ulemavu wake unatambuliwa na SNAP, kama anayepokea SSI, au mwenye umri wa miaka 60 na zaidi, anaruhusiwa kupeleka kwenye ofisi ya SNAP gharama za matibabu anazolipa mwenyewe. Kinachozidi dola 35 kwa mwezi hutolewa kwenye hesabu ya kipato chake, na kipato kikionekana kidogo, chakula kinaweza kuongezeka. Nauli ya kwenda kwa daktari inahesabiwa. Miwani inahesabiwa, meno ya bandia, kifaa cha kusikilizia, hata dawa ya kununua bila cheti ikiwa daktari ameiagiza. Nimekaa na baba mmoja anayepanda teksi mara tatu kwa wiki kwenda kusafishwa damu kwa sababu ya figo. Anapokea dola 24 za chakula kwa mwezi, kiwango cha chini kabisa, na risiti zote za teksi alizitupa. Hakuna aliyemwambia azitunze. Fomu ya SNAP ilimwuliza, ila ilijazwa na mjukuu wa miaka 12.

Hapo ndipo moyo wangu unapouma. Tunawatuma watoto kutafsiri ugonjwa wa wazazi wao kwa simu, na mzee hawezi kumtajia mjukuu mambo ya mwili wake. Ofisi ya SNAP inapaswa kukupatia mkalimani bure. Taja neno moja tu, Swahili, kisha subiri.

Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imezidisha haja ya kuzijua haki hizi. Mkimbizi ambaye hajapata green card haruhusiwi tena kupokea fudistampu, kwa hiyo aliyetimiza mwaka mmoja nchini asichelewe kuomba green card. Sharti la kufanya kazi ili uipate fudistampu nalo sasa linafika hadi umri wa miaka 64. Wale mliovunjika mgongo kwenye viwanda vya nyama na hamna SSI, chukueni barua ya daktari inayosema hamwezi kufanya kazi. Bila hiyo mtu anaweza kupata miezi mitatu tu ya chakula katika miaka mitatu. Na mkimbizi anayepokea SSI akumbuke kwamba kwa kawaida hukatwa baada ya miaka saba asipokuwa raia. Ambaye ulemavu wake unamzuia kujifunza Kiingereza, daktari anaweza kumjazia fomu N-648 ili asamehewe mtihani wa uraia.

Msiba ukitokea, jumuiya hii huchanga maelfu ya dola ndani ya siku tatu. Nimeona hivyo mara nyingi na ninajivunia. Yule mama wa tarehe 27 alihitaji sahani ya ugali na maharage, na mtu wa kubisha mlango. Alinyamaza kwa sababu aliona aibu, na sisi tulikuwa tumezoea kumwuliza habari kanisani tu, mbele za watu, mahali ambapo jibu ni moja: nzuri.

Kwa hiyo kuanzia mwezi huu, kila tarehe 20 hadi 30, akina mama wa kwaya na vijana wa msikitini wamekubali kugawana nyumba kumi na nne za wenye shida hii tunazozijua. Wanapeleka chakula kilichopikwa, kisicho na chumvi nyingi, wanakaa kidogo, wanatazama friji kwa ruhusa ya mwenyewe. Na Jumamosi ya kwanza ya mwezi, meza itakuwa ukumbini saa nne asubuhi. Leteni risiti za dawa, za teksi, za miwani, hata zilizokunjamana. Asiyeweza kuja apige simu, tutamfuata.