Karata Iliyochakaa Ni Karata Yenye Alama

Nasema wazi, na atakayekasirika akasirike: mashindano mengi ya karata tunayofanya huku kwetu, Lobule, Imvepi, Rhino Camp, yana mshindi kabla karata hazijagawiwa. Mshindi ni mwenye pakiti. Amezishika karata zile miezi mitatu, anazijua kama mama anavyozijua sahani zake. Wewe mgeni unakuja na akili yako tu.

Tuchukue matatu, mchezo unaochezwa Uganda nzima. Unapewa karata saba. Mbili inamlazimisha mwenzako kuokota. Ree, ile ya A, inakupa ruhusa ya kuomba aina unayotaka. Na saba ya kukata inafunga mchezo, pointi zinahesabiwa hapo hapo. Sasa, ndugu yangu, kama saba ya kukata imevunjika kona, imelala juu ya rundo, mimi nimeiona na wewe hujaiona, kweli tunacheza mchezo mmoja?

Eti "ile ni bahati ya mutu." Bahati gani inayokaa kwenye kona ya karatasi? Pakiti za bei ndogo tunazonunua sokoni zikikutana na jasho, vumbi jekundu la kiangazi na mkono uliotoka kula muhogo, hazikai sana. Na hazichakai sawasawa. Zinazovunjika kwanza ni zile tunazozipiga chini kwa nguvu, na tunazipiga kwa nguvu zile zenye thamani. Yaani uchakavu wenyewe unaweka alama mahali pabaya kuliko pote.

Wenzetu wa nje wana dawa. Kwenye mashindano ya Magic: The Gathering, iliyotoka Marekani mwaka 1993, na ya Pokémon, iliyotoka Japani mwaka 1996, wachezaji huvika kila karata kifuko chake cha plastiki. Watu hudhani ni kwa sababu karata zile ni ghali. Kweli, nyingine ni ghali. Lakini mwamuzi hana habari na bei. Anatazama migongo: zote zifanane. Kifuko kikiwa na alama anakuambia ubadilishe, na unaweza kupewa adhabu hata kama hukukusudia. Sikieni hapo: hata kama hukukusudia. Sisi tunabishana saa nzima kama fulani ni mwizi. Wao wanatazama karata.

Basi anayetumwa Kampala, au mwenye ndugu ng'ambo wa kumtumia, achague hivi. Mgongo wa kifuko uwe na rangi nzito, mwanga usipenye, maana kifuko cheupe cha kuonyesha pande zote mbili kinahifadhi karata na alama zake pia. Mgongo using'ae sana. Unaong'aa hugandana kwenye jasho. Apime karata kwanza: zile pana ni milimita 63 kwa 88, sawa na za Magic na Pokémon, lakini zipo nyembamba pia, na zikivaa kifuko kipana zinacheza ndani. Halafu ahesabu. Pakiti ya karata ina 52, na vifuko vingi huuzwa 50 kwa paketi. Ukinunua 50 ukaongeza viwili vya namna nyingine, umetengeneza alama mbili kwa pesa yako mwenyewe. Chukua 60 au 100 za aina moja, za ziada ziwe akiba.

Na tafadhali, usipeleke karata kwenye laminesheni. Zinakuwa nene, zinateleza, kila moja na povu lake, na huwezi kurudi nyuma.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: "Mgao umekatwa, wewe unatuletea plastiki?" Ndiyo. Julai 2023 tulipangwa makundi matatu, wa asilimia 60, wa 30, na wa sifuri, na nani kati yetu hakuuliza mpangaji ameona nini kwenye karatasi yake? Sisi ni watu tunaoishi kwa kadi. Tunajua uchungu wa mtu kusoma kadi yako wewe ukiwa huoni. Tukishaujua uchungu huo, tusifanyiane wenyewe juu ya mkeka. Na zawadi hata ikiwa sabuni ya mche mmoja, siku hizi sabuni ni kitu.

La pili linatoka kwa ninyi wa mashirika: "Karata ni kamari." Mpira mnaleta, wavu mnaleta, karata mnageuza uso. Lakini vijana wanacheza, mkitaka msitake, na mkiwafukuza kituoni watakwenda nyuma ya vibanda, ambako mwenye pakiti yenye alama ndiye mfalme. Mchezo ulio mbele ya watu, wenye mwamuzi na karata safi, ndio unaomnyima mla watu chakula chake.

La tatu: "Ni mchezo tu." Septemba 2020, Rhino Camp, ugomvi ulioanzia kwenye maji ulifika kuua watu. Haukuanza mkubwa. Mezani kwetu wanakaa Mkongomani, Msudani Kusini na mwenyeji wa hapa. Mmoja akiibiwa haendi nyumbani akasema "fulani ameniibia." Anasema "wale."

Kwa hiyo naomba mambo manne. Pakiti ya mashindano isikae kwa mchezaji; ikae kwa mwenyekiti wa kituo. Karata zivikwe vifuko vya aina moja, na vikichakaa vibadilishwe vyote siku moja, kwa sababu kimoja kipya kati ya vikuukuu nacho ni alama. Mashirika yaandike vifuko kwenye orodha ya vifaa vya michezo, chini ya mpira. Na pasipo na vifuko, fainali ifunguliwe kwa pakiti mpya mbele ya wote.

Kabla ya mchezo wowote, mpeni mpinzani pakiti nzima ikiwa imelala kifudifudi, aitafute ree. Akiipata bila kufunua, pakiti hiyo imekufa. Izikeni.