Mtungi Umeingia Jikoni, Mafiga Yaende Wapi?

Ndugu msomaji, barua iliyo mbele yangu Jumapili hii imetoka Bariadi. Aliyeiandika ni mfanyakazi wa kiwanda cha kuchambua pamba, baba wa watoto wanne, na kwa kuwa ayasemayo ni mambo ya ndani ya nyumba yake, jina lake nitalihifadhi. Anaeleza kwamba alipopata mshahara alinunua mtungi wa gesi wa kilo 6 pamoja na kichomeo chake, akauleta nyumbani akitarajia kushangiliwa. Mkewe, ambaye ni mjamzito na kikohozi hakimwachi, aliupokea kwa mikono miwili. Lakini mama yake mzazi, anayeishi nao, alisema waziwazi kuwa hatalala chini ya paa moja na bomu. Tarehe 19 ya mwezi gesi ikaisha, na bwana hakuwa na senti mfukoni. Sasa anauliza kama arudie mkaa moja kwa moja.

Swali hili lina uzito wa pekee kwa watu wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, kwa sababu huko kuni ni shida ya siku nyingi. Tangu enzi za ukoloni misitu ya Usukumani ilifyekwa ili kuwaangamiza mbung'o, kisha ikafyekwa tena kupisha mashamba ya pamba na malisho ya ng'ombe, hata ikafika mahali ambapo mama alipikia mashina ya pamba na samadi kavu. Mwaka 1986, wakati Bariadi na Maswa zikiwa bado katika Mkoa wa Shinyanga, ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ambao uliwahimiza wananchi wafufue ngitili, yaani malisho ya akiba yaliyozuiwa kwa mifugo yakaachwa yaote miti. Ngitili nyingi zilifufuka. Hata hivyo Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012, una miji inayokua, na mji unaokua hula mkaa.

Sasa twende kwenye hesabu, maana ndiko bwana wetu alikokwama. Wataalamu hupima joto kwa kipimo kiitwacho megajuli. Kilo moja ya mkaa mkavu ina megajuli 30 hivi, na kilo moja ya gesi ya mtungi ina 46. Tofauti hiyo si ya kutisha. Jambo la kutazama ni kiasi gani cha joto hilo hufika ndani ya sufuria. Katika mafiga matatu, sehemu 10 hadi 15 tu kati ya 100 ndizo humpikia mtu, nyingine zote hupasha upepo. Jiko la bati la mkaa hufikisha kama sehemu 20. Jiko lililojengewa udongo ndani hufikisha 30 au zaidi kidogo. Kichomeo cha gesi kilicho safi hupita nusu.

Chukua kalamu, ndugu msomaji. Kilo 6 za gesi zikifanya kazi kwa sehemu 55 hutia sufuriani megajuli 150 hivi. Ili upate joto hilo kwa jiko la bati utahitaji kilo 25 za mkaa. Na kilo 25 za mkaa, kwa tanuri letu la udongo ambalo hutoa kilo 10 hadi 20 kwa kila kilo 100 za kuni, zimekula kilo 125 hadi 250 za miti. Mtungi anaouweza kuubeba kijana wa darasa la saba umebeba kazi ya mzigo wa mkokoteni.

Kama ndivyo, mbona bwana alikwama tarehe 19? Alikwama kwa sababu mkaa huuzwa kwa kopo, na gesi huuzwa kwa mtungi. Mwenye mia kadhaa hupata mkaa wa jioni ile, ingawa kwa kopo kopo hulipa zaidi kuliko mwenye gunia. Gesi hudai fedha yote kwa mkupuo. Kwa mtu wa kipato kidogo hiki ndicho kikwazo chenyewe, na wanaowahubiria akina mama juu ya nishati safi aghalabu hukipita kwa haraka. Mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lengo ni zuri, lakini mshahara nao una tarehe zake.

Ushauri wangu ni huu. Siku unapofungua mtungi mpya, andika tarehe ukutani kwa chaki. Kisha kila siku ambayo ungenunua kopo la mkaa, tia fedha ile ile katika kibubu. Mtungi ukiisha, vunja kibubu. Kama fedha zinatosha kujaza, au zinazidi, umepata jibu lako bila kumwuliza mwandishi wa gazeti. Kama hazitoshi, basi gesi inakugharimu zaidi kuliko mkaa, na utaamua ukijua.

Nawe dai mtungi upimwe mbele yako. Juu ya kila mtungi umeandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Ongeza kilo 6, na mizani ionyeshe jumla hiyo. Mwandishi wa safu hii aliwahi kuuziwa mtungi kwenye kibanda fulani, akaona aibu kuomba mizani, ukaisha katika siku 11. Aibu ile ilinigharimu ugali wa juma zima.

Wengine huuliza mbona gesi ni ghali ilhali tunayo yetu. Gesi ya Songosongo, iliyogunduliwa mwaka 1974, na ile ya Mnazi Bay ya mwaka 1982, ni ya aina nyingine, iitwayo methani, ambayo haikubali kuwa kimiminika katika mtungi wa kawaida wa nyumbani. Ya mtungini ni propani na butani. Hiyo hushushwa kutoka melini Dar es Salaam na Tanga, kisha husafiri kwa lori zaidi ya kilomita 1,000 kabla haijafika Bariadi.

Nimgeukie sasa mama mzazi, na kwanza nampa shikamoo. Hofu yake si ya ujinga. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutambaa sakafuni na kujikusanya, na cheche moja huiwasha. Ndiyo maana imetiwa harufu kali makusudi, kwani yenyewe haina harufu. Harufu ikisikika, funga mtungi, fungua milango na madirisha, toeni watoto nje, wala asiguse mtu swichi ya taa. Anayetafuta panapovuja atumie povu la sabuni, kamwe si njiti ya kiberiti. Mtungi usimame wima, usilazwe, na watoto wasiuchezee.

Lakini namwomba mama atazame na upande wa pili. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na mama mjamzito anayevuta moshi huo yumo katika hatari ya kuzaa mtoto mwenye uzito pungufu. Mkaa nao, ambao hauonekani moshi, hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Usiku wa mvua watu huingiza jiko chumbani ili wapate joto, wakafunga dirisha, na asubuhi hawaamki. Bomu lile nalo limekaa ndani ya nyumba zetu miaka mingi tukiliita jiko.

Hata nchi za baridi zimepita njia hii. Marekani tanuri za zamani za kupasha nyumba zilipoteza hadi theluthi moja ya joto au zaidi kupitia dohani; za gesi za siku hizi hukamata hata joto lililo katika mvuke wa moshi, zikapita sehemu 90 kati ya 100.

Kwa hiyo, bwana wa Bariadi, usirudie mkaa moja kwa moja, wala usitupe jiko. Chai, uji, ugali, mboga na dagaa wa Busega vipikwe kwa gesi, sufuria ikifunikwa na moto ukipunguzwa mara tu maji yachemkapo. Mwali uwe wa buluu. Ukiwa wa njano na kuacha masizi, kichomeo kisafishwe. Maharage yalowekwe usiku. Makande na michembe ya mama, ambavyo kwake havina ladha bila mkaa, avipike uani siku ya Jumapili, kwa jiko la udongo, mkeo akiwa amekaa upande upepo unakotoka.