Injekta Mpya, Mipira Mikuukuu

Nina ugomvi na watu ninaowapenda: vijana wenzangu wa Mji wa Kale wenye Impreza na Forester za tabo. Si ugomvi wa kelele. Kelele wazee wa barazani wameshazisema za kutosha, na haki wanayo. Ndia Kuu ni ndia, jina lenyewe lasema, haikujengewa ekzosi ya inchi tatu. Mlio ukigonga kuta za pande mbili, vyombo vyatetema kabatini kwa watu. Lakini hilo waachie wazee. Ugomvi wangu uko chini ya boneti, na ni juu ya kitu kidogo mpaka naona haya kukitaja. Ni mipira. Ile miviringo myeusi inayokaa juu na chini ya kila injekta, ambayo mafundi tunaiita oringi.

Kazi yangu ni mfumo wa mafuta: injekta, pampu, filta, reli. Na mazungumzo huwa ni yale yale. Mtu aja na injekta nne kwenye boksi, kubwa kuliko za kiwandani, amejinyima miezi kuzinunua. Ataka zifungwe leo kwa sababu kesho ni Malindi. Mipira umeleta? "Ile ya zamani bado iko poa, fundi." Filta? "Haijawahi kusumbua." Na kompyuta ya gari itapangwa upya na nani? Hapo huniangalia kama niliyemtusi mamake.

Hebu tufanye hesabu ya umri. Sheria ya Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingizwa likiwa limepita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo Impreza ya 2005 haikushuka Kilindini juzi. Iko hapa tangu 2013 au kabla, na leo ina miaka 20 au zaidi. Mipira yake nayo ina umri huo huo, imekaa juu ya injini inayochemka, katika mji ambao hata kivulini watu wanajipepea. Ikitolewa huwa migumu kama kokwa za tende. Sasa mtu achukua kokwa ile, airudishe kwenye injekta mpya kabisa, na aitarajie izuie petroli yenye shinikizo la karibu bar 3. Kwa nini? Kwa sababu mpira haupigwi picha.

Na hizo injekta kubwa zenyewe, nani aliwaambia zinaleta nguvu? Nguvu ya injini ya tabo inaanzia kwenye hewa, na kazi ya injekta ni kuifuata hewa kwa kiasi chake. Ukifunga kubwa na kompyuta ikabaki na hesabu ya zamani, itaendelea kuzifungua kwa muda ule ule, na petroli itamwagika kupita kiasi. Gari litatoa moshi mweusi, na nyinyi mtaushangilia. Kule ndani petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka kuchanganyika na oili yenyewe. Umelipa pesa nzuri ili uisage injini yako taratibu.

Kuna kosa la pili, na hili nalitupa kwa mafundi wenzangu zaidi kuliko kwa wateja. Gari likimisi tu, jibu ni injekta. Hakuna kipimo wala swali, ni "badili hizo." Mwajua kwa nini? Injini ya Subaru imelala, silinda mbili huku na mbili kule, na plagi zake zimetazama mbavu za gari. Kuzifikia lazima uchubue vidole. Injekta ziko juu, mkono wafika. Basi lawama huenda pale mkono unapofika. Nimeona injekta nzima, hazina kasoro hata moja, zimetupwa wakati ugonjwa ulikuwa plagi iliyokwisha, au koili, au gasketi ya manifoldi inayovuta hewa ya wizi.

Kupima si uchawi. Waya mbili za injekta zinapimwa kwa mita, na zile za kawaida zenye ukinzani mkubwa husoma baina ya ohm 11 na 16. Kisha zinaoshwa kwenye beseni la mawimbi ya sauti, halafu zinapandishwa kwenye mashine yenye mirija ya kioo. Zote nne zinyunyize kwa pamoja, nawe usimame uone mrija upi umejaa na upi umebaki nyuma. Mteja aone kwa macho yake. Fundi asiyetaka uone hilo, muulize anakuficha nini.

Tofauti hiyo ya mrija na mrija ndiyo inayoua injini. Kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, silinda moja humaliza kazi yake yote, kuvuta, kubana, kulipua na kutoa, kwa milisekunde 20. Ndani ya muda huo injekta ifunguke, inyunyize kama manyunyu, ifunge bila kudondosha. Moja ikiwa imeziba kidogo, silinda yake yakosa mafuta huku tabo yaendelea kuisukumia hewa. Joto lapanda, mgongo waanza, pistoni yapasuka ukingo. Na kompyuta haitakuokoa kila mara, kwa sababu sensa ya ekzosi inaonja moshi wa silinda zote nne ukiwa umechanganyika. Ni kama mpishi wa harusi anayeonja sufuria moja akasema pilau yote iko sawa.

Mtanijibu: mafuta ya hapa ni mabaya. Ni kweli tumechezewa. Kuchanganya mafuta ya taa na mafuta ya magari kulizidi mpaka 2018 serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili wachanganyaji wasipate faida. (Aliyeumia kwanza ni mama wa jiko la stovu, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli. Hayo tutayasema siku yake.) Lakini uchafu wa mafuta hauwezi kuwa sababu ya kuacha filta miaka kumi. Filta haitakutolea mafuta ya taa, hilo sikudanganyi. Itakushikia kutu na mchanga wa tenki, na hivyo ndivyo vinavyoziba hizo injekta mnazozilipia kwa machozi.

Wengine huniletea habari za Safari Rally. Colin McRae alishinda kwa Impreza mwaka 1997, Richard Burns akashinda kwa Impreza mwaka 2000, na tangu hapo Subaru kwetu ni kama ukoo. Sawa. Lakini nani aliyeyapeleka magari yale mpaka mwisho? Nyuma ya dereva palikuwa na kikosi cha mafundi wanaobadili kitu kabla hakijavunjika. Nyinyi mumechukua stika mkaacha kikosi.

Sasa nifike kunakoniuma. Petroli inayovuja kwenye mpira mgumu haivuji uwanjani. Inavuja juu ya injini ya moto, tabo iko pale pale, na gari limeegeshwa Ndia Kuu, bodi imegusa ukuta. Juu yake pana roshani ya mbao. Mlango ulio pembeni ni wa mbao uliochongwa na watu ambao hatutawapata tena. Dari za nyumba nyingi ni boriti, miti ya mikoko, imekauka miaka na miaka. Kwenye vichochoro vya nyuma hata mkokoteni hupishana na watu kwa kuombana radhi, sembuse gari la zimamoto. Kwa hivyo usiniambie gari ni lako na shida ni yako. Petroli ikishika moto hapa, haitauliza kadi ya gari ina jina la nani.

Kwa hiyo mimi sifungi injekta bila mipira mipya, ya aina inayostahimili petroli na joto. Sipaki silikoni mahali pa mpira; napaka tone la oili safi ya injini ili uingie bila kukatika. Sikubali bomba la maji lifanye kazi ya bomba la petroli, hata kama limeshikiliwa kwa klempu tatu. Kabla ya kufungua natoa fyuzi ya pampu, nazungusha injini mpaka shinikizo liishe, nangoja ipoe, nafungua betri, napuliza vumbi lililozunguka injekta lisiangukie ndani. Nikimaliza nawasha swichi mara mbili tatu bila kupiga stata, reli ijae, halafu namulika tochi kila kiungo. Kizimamoto cha poda kiko miguuni. Yote haya yanaongeza saa moja, na bei ya mipira haifiki nusu tenki. Asiyekuwa nayo basi na asubiri, injekta hazichachi.

Najua wako watakaosema nawatisha ili nipate wateja. Nendeni kwa fundi yeyote mumtakaye, mradi awape mipira ile ya zamani mkononi akishamaliza. Na leo usiku ukiegesha, kabla hujapanda ngazi, simama kidogo mbele ya boneti uvute pumzi. Ukisikia harufu ya petroli, usiwashe gari ati uangalie, wala usiache mtu asogee na sigara. Waite vijana wa maskani mulisukume mpaka kwenye uwazi kule Ngomeni, kisha uje unigongee mlango, hata iwe saa nane za usiku.