MLALAHOI, USIINGIE MAJI YA VYOO BILA BUTI!

Kijana mwenzangu wa Kariakoo, chemba zikifumuka na stoo ya tajiri ikajaa maji, anaitwa nani? Wewe! Unapewa ndoo, unaambiwa zama.

Zama nini? Humo mna kinyesi na mikojo ya panya: kipindupindu, homa ya matumbo, na homa ya mgunda iliyoua watu Lindi mwaka 2022.

Kataa! Kwanza umeme ukatwe. Jenereta ikae nje, moshi wake unaua. Dai buti na glovu: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inasema mwajiri akupe bure.

Wakubwa waliipitisha, mbona hatuwaoni wakikagua? Anayekunyima buti leo, kesho hatakulipia hospitali!